Nimenunua funguo mbili za usalama, kumbe SMS bado inafungua kila kitu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Mwaka jana matapeli walirenew laini ya shemeji yangu, yaani namba yake wakaihamishia kwenye laini yao, SMS zake zote zikawa zinaingia kwao. Asubuhi simu ikakosa mtandao, yeye akadhani ni mambo ya mnara, mchana barua pepe imeshakwenda na maji. Nikasema mimi yasinikute. Nikaagiza funguo mbili za usalama, zile za kuchomeka kwenye USB, karibu laki tatu pamoja na usafiri. Mmoja natembea nao na funguo za nyumba, wa pili upo kabatini kwenye bahasha ya hati ya kiwanja. Nikalipia na programu ya kutunza paswedi mwaka mzima, maana kifurushi cha bure hakikubali funguo.

Juzi nafika ofisini, ufunguo nimeuacha kwenye suruali ya jana. Naandika paswedi kuu, inaniambia chomeka ufunguo. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, kuna "jaribu njia nyingine". Nikabonyeza. Simu ikalia: tarakimu 6. Nikaziingiza. Pakafunguka! Benki, TRA, barua pepe, vyote vinanikodolea macho.

Sasa laki tatu yangu ilikuwa ya nini?

Kwa wasioujua: ufunguo huu haukupi tarakimu za kuandika popote. Ukiugusa, unasaini swali lililotoka kwenye tovuti, na saini hiyo imefungwa na anwani ya tovuti yenyewe. Ukurasa feki hata ufanane hadi rangi, hauambulii kitu, anwani si ile. Google waliwawekea wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 funguo hizi mwanzoni mwa 2017, na 2018 wakasema hakuna hata mmoja aliyenaswa kwenye akaunti ya kazi. SMS je? Ukurasa feki unameza paswedi kuu, unameza na tarakimu 6, tapeli anaziingiza kule kwenyewe wewe bado unasubiri ukurasa ufunguke. Tena nchi hii ya "ile hela tuma kwenye namba hii"!

Nikaenda kwenye mipangilio niifute namba. Kitufe kipo, hakibonyezeki. Nikawaandikia. Siku ya tatu wananijibu eti namba lazima ibaki "kwa usalama wako", nisije nikajifungia nje. Nijifungie vipi wakati nina ufunguo wa pili, na msimbo wa dharura nimeuandika kwa kalamu? Nikawauliza hivyohivyo. Wakanibandikia aya ileile, neno kwa neno, kisha tiketi ikaandikwa "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani?

Kwenye simu, ambako ufunguo unausogeza tu karibu bila kuuchomeka, ndiyo vichekesho. Nimevua kava, nausogeza ufunguo mgongoni mwa simu juu chini kama napiga pasi, programu kimya. Mwisho inakimbilia SMS.

Kuhama nataka, ila paswedi zangu 214 nikizitoa zinatoka kwenye faili la wazi ambalo yeyote akilikuta anasoma, na hawa wanakata hela ya mwaka mwingine tarehe 14. Mwenye huduma inayokubali funguo mbili bila namba ya simu, na amejaribu mwenyewe hadi namba ikafutika, aiweke hapa. Wa "tumia daftari mkuu" nawaona, msianze.