Sheria mpya za NFL: mbona kila mwaka anayebanwa ni beki?

Saa Tisa Usiku (mtoa mada)

Wakuu, mimi ni yule wa kuamka saa tisa na robo usiku kuangalia mechi ya Alhamisi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa hasira za mtu asiyelala.

Kila mwaka ligi inaleta sheria ya usalama, na kila mwaka anayebanwa ni mtu yuleyule: beki, yaani mchezaji wa ulinzi. Machi 2024 wamiliki wa timu walipiga marufuku ule ukabaji wa kumdaka mtu kwa nyuma, kuzungusha nyonga, kisha kuuachia mwili wako uangukie miguu yake. Adhabu ni kusogezwa yadi 15, na timu inayoshambulia inaanza kuhesabiwa upya majaribio yake manne ya kusonga mbele yadi 10. Chama cha wachezaji kiliipinga. Yaani hao hao wanaolindwa ndio waliosema hawaitaki.

Rudini nyuma kidogo. Mwaka 2018 waliikazia sheria ya kutomlalia kwotabeki, yule mrusha pasi mkuu, kwa uzito wako wote. Septemba hiyo hiyo William Hayes wa Miami Dolphins alimkamata kwotabeki Derek Carr, akajipinda hewani asimlalie, goti lake likakatika ligamenti. Kocha wake, Adam Gase, alisema wazi kuwa chanzo kilikuwa kujipinda huko. Msimu wake ukaishia pale. Oktoba 2022 beki Grady Jarrett alimwangusha kwotabeki Tom Brady kwa ukabaji wa kawaida kabisa: yadi 15. Kesho yake beki mwingine, Chris Jones, alimpokonya huyo huyo Carr mpira, akaanguka juu yake mpira akiwa ameukumbatia mwenyewe. Naye yadi 15.

Beki wa kilo 140 afanyeje, aelee?

Nesi wa Zamu

Kaka, pole na usingizi. Ila naona umeanzia hadithi katikati.

Agosti 1978, mechi ya maandalizi tu ya msimu, Jack Tatum wa Oakland alimgonga Darryl Stingley wa New England aliyekuwa akiruka kudaka pasi. Stingley alivunjika shingo na hakutembea tena mpaka alipofariki 2007. Refa hakutoa adhabu, kwa sababu pigo lile lilikuwa halali. Huo ndio "mchezo wa wanaume" ambao watu wanaulilia.

Kisha kuna Mike Webster, aliyekuwa mhimili wa safu ya mbele ya Pittsburgh Steelers. Alifariki 2002 akiwa na miaka 50, akili imeshamtoka. Aliyeuchunguza ubongo wake ni Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, akakuta ugonjwa unaotokana na kugongwagongwa kichwa, ule wanaouita CTE. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza kuwa kati ya bongo 376 za waliowahi kucheza NFL zilizochunguzwa, 345 zilikuwa na ugonjwa huo. Nikiri mapema kabla hamjanirukia: familia zinazotoa ubongo wa marehemu mara nyingi ni zile zilizokwisha kuona dalili, kwa hiyo huwezi kusema wachezaji tisa kwa kumi wanaugua. Lakini 345 si bahati mbaya.

Na sheria zinafanya kazi. Mitikisiko ya ubongo iliyorekodiwa 2017 ilikuwa 281. Mwaka 2024 ilikuwa 182, kiwango cha chini kuliko vyote tangu waanze kuhesabu kwa utaratibu huo mwaka 2015.

Mimi usiku napokea vijana wa bodaboda waliogonga kichwa. Wote hukwambia "niko poa, nesi." Baada ya dakika tano anakuuliza kwa mara ya tatu pikipiki yake iko wapi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwachia aamue mwenyewe kama anarudi uwanjani.

Winga Mstaafu

Habari zenu kutoka Nairobi. Nimecheza raga ya klabu miaka kumi na mmoja, mabega yote mawili ni ya kukarabatiwa.

Mtoa mada umeukwepa mfano mkubwa kuliko yote: mkwaju wa kuanzisha. Kijana wetu Daniel Adongo alipotoka raga na kuingia Indianapolis Colts 2013, kazi aliyopewa ilikuwa kwenye vikosi maalumu, wale wanaotimua mbio mpira ukipigwa. Zamani ilikuwa wanaume kumi wanakimbia nusu uwanja kwa kasi yao yote kwenda kugongana na wengine wanaowajia. Hata sisi wa raga tulikuwa tukiangalia tunashika vichwa.

Mwaka 2011 wakausogeza mkwaju kutoka yadi ya 30 hadi ya 35. Matokeo yake mpigaji anaupeleka mpira mpaka ukanda wa mwisho nyuma ya wapinzani, hakuna anayekimbia nao, watu wanaenda kuchukua bia. Fainali ya ligi, Super Bowl ya Februari 2024, ilikuwa na mikwaju 13 ya kuanzisha na hakuna hata mmoja uliorudishwa. Usalama ulikuwepo, mchezo haukuwepo.

Ndipo wakakaa chini wakafikiri, wakaazima wazo la ligi ya XFL. Sasa mpigaji anabaki peke yake nyuma, wenzake kumi wanapangwa kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, wanaotazamana nao wako hatua chache tu mbele yao, na hakuna anayeruhusiwa kusogea mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji kule nyuma. Mwendo mrefu wa kugongana umekatwa. Mikwaju inayorudishwa ilipanda kutoka kama asilimia 22 hadi kama 33 msimu wa kwanza tu, na ligi ikasema kiwango cha mitikisiko ya ubongo kwenye mchezo huo kilishuka kwa asilimia 43. Mwaka 2025 wakaifanya ya kudumu, na wakaongeza dawa: ukiupiga mpaka ukanda wa mwisho, wapinzani wanaanzia mbele zaidi, yadi ya 35.

Hapo nani amebanwa?

Halafu tusiipambe raga, maana naona hoja hiyo inakuja. Steve Thompson alishinda Kombe la Dunia 2003 na England, na leo anasema hakumbuki kushinda.

Saa Tisa Usiku

Winga, kwa mkwaju nakupa mkono. Lakini umenipa na silaha. Pale walibadilisha umbo la mchezo. Hawakumwachia refa aamue kwa nusu sekunde kama kilo 140 zimeanguka kwa upole au kwa ubaya. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Na nia yao naishuku. Mei 2025 Green Bay Packers walipeleka pendekezo la kupiga marufuku ule mchezo wa Philadelphia Eagles wa kumsukuma kwotabeki matako avuke yadi moja. Usalama ulitajwa sana, wakati takwimu za majeraha zilizokuwapo zilikuwa haba. Kura 22 zilikubali, zilihitajika 24, ukapona. Mimi nasema kilichowauma ni kwamba Eagles wanauweza kuliko wao.

Wakati huohuo msimu uliongezwa ukawa mechi 17 tangu 2021, na ya 18 inazungumzwa. Mtu anacheza Jumapili, Alhamisi yuko uwanjani tena. Na nyasi! Wachezaji wamelia miaka mingi wapewe nyasi halisi. Kwa Kombe la Dunia la 2026 FIFA ilidai nyasi halisi, na viwanja vya NFL vyenye nyasi bandia, MetLife cha New Jersey kikiwamo, vikatakiwa kuziweka. Mgeni akija na masharti, zulia linakunjwa. Mwenye nyumba analala juu ya mkeka.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye nyasi na Alhamisi huna mpinzani. Ila angalia ulichofanya: umetetea sheria zaidi za usalama, si pungufu. Karibu upande wetu.

Nikurudishe kwa Tua Tagovailoa, aliyekuwa kwotabeki wa Miami Dolphins. Septemba 25, 2022 aligonga kichwa, akasimama, akayumba mbele ya dunia nzima, akarudishwa kucheza kwa maelezo kwamba ni mgongo. Siku nne baadaye, Alhamisi hiyo yako, alibebwa kwa machela Cincinnati vidole vimekakamaa. Wiki iliyofuata ndipo utaratibu ukabadilishwa: ukiyumba, hurudi, hata useme ni mgongo. Sheria hiyo haikumbana beki yeyote. Ilimbana kocha na daktari.

Na Septemba 2024 Tua alikimbia na mpira, akainamisha kichwa mwenyewe, akajigonga kwa beki Damar Hamlin. Bendera ya njano ya adhabu ungemrushia nani?

Winga Mstaafu

Niongeze moja tu la wazee. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa Marekani wakicheza mpira huu, wengi wakiwa wanafunzi. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata zikaja sheria mpya, na mojawapo ikaruhusu kurusha pasi mbele, ili watu waache kurundikana na kukanyagana.

Kwa hiyo mkuu, hiyo pasi unayoamkia saa tisa usiku ilitoka kwenye sheria ya usalama.

Saa Tisa Usiku

Duh. Hapo umenikamata vizuri.

Basi nibaki na ombi dogo. Mwaka 2023 Los Angeles Rams walipendekeza adhabu ya kumgonga kwotabeki iweze kukaguliwa kwa video. Likakataliwa. Kama yadi 15 za Jarrett ziliamua mechi, na ziliiamua, refa akitazama skrini sekunde thelathini anamuumiza nani?

Nesi wa Zamu

Hilo nakuunga mkono. Alhamisi ukiamka nitumie matokeo, niko zamu.