Mrejesho: mchezo wa mezani kwa mtoto asiyekubali kushindwa
Wakuu, niliuliza mchezo gani utatufaa sisi wanne, maana mdogo akishindwa tu analia na kumwaga kete. Mkanishauri Pandemic, ule wa 2008 ambao wachezaji wote wako upande mmoja kupambana na magonjwa.

Tumeupata. Jana karata zilituishia tukashindwa vibaya, na mdogo badala ya kulia akaanza kupanga ubao upya: "Sasa mimi ndiye daktari!" Sikuamini macho yangu.

Kero iliyobaki ni kaka yake, anayetaka kumchezea kila mtu zamu yake (sijui karithi wapi, mama yao anasema kwangu). Tumemwekea sheria: husemi mpaka uulizwe. Ticket to Ride utafuata, maana unachezwa hadi na watu watano na bibi naye anataka kuingia. Asanteni sana.