Ulinganisho: KASAN, KFENCE au lockdep kwa keneli ya bodi za vyumba vya baridi? Nakabidhi Jumatatu

Sangara_Tech
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijapoteza siku nzima kukompaili. Nina bodi 30, kila moja na kadi ya vihisi, zinazosoma joto la vyumba vya baridi vya samaki hapa Mwanza, mteja anazipokea Jumatatu. Baadhi yake zikikaa siku mbili tatu zinaanguka zenyewe. Nimefungua menuconfig (menyu ya kusanidi keneli, yaani moyo wa Linux), nikaingia kwenye "Kernel hacking", nikakuta machaguo ya kusaka hitilafu hayana idadi. Yanayotajwa sana ni KASAN na KFENCE (za kunasa matumizi mabaya ya memori), PROVE_LOCKING (hii lockdep, ya kukagua makufuli), DEBUG_INFO (taarifa za dibagi) na KGDB (kidibagi cha keneli). Nikiwasha yote kuna ubaya? Na kama ni kuchagua moja, lipi? Natanguliza shukrani.

kipanga_254
Boss, hapo bado hujatueleza kitu. Bodi gani? RAM kiasi gani? Keneli toleo gani? Na "inaanguka" maana yake nini: inatema maandishi kwenye skrini ama inaganda tu kimya? Hayo ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake.

Mzee_Konsoli
Mimi nauliza moja tu, kebo ya siriali (ya kusomea maandishi ya keneli kwenye kompyuta nyingine) unayo? Kama huna, hayo machaguo yote uliyoyataja yatasema na wewe hutasikia. Skrini ya HDMI inakuonyesha mistari ya mwisho pekee, na ile ya juu ndiyo unayoihitaji.

Sangara_Tech
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Ni Raspberry Pi 4 ya RAM 1 GB, keneli 6.6 ya biti 64. Mara nyingi inatoa maandishi, ila kila mara inaangukia mahali tofauti: leo kwenye ext4 (mfumo wa faili), kesho kwenye mtandao, juzi ndani ya kmalloc (inayogawa memori). Mara mbili iliganda bila neno. Kebo ya siriali sina, natumia HDMI na kupiga picha kwa simu.

Bint_Pwani
Kuangukia mahali tofauti kila mara ni dalili kubwa, kaka. Maana yake kuna msimbo unaoandika kwenye memori isiyo yake, halafu anayekuja kuisoma baadaye ndiye anayeanguka. ext4 hapo ni majeruhi, usiilaumu.

Kwa hali hiyo mimi ni KASAN bila kusita. Imo kwenye keneli tangu 4.0 ya mwaka 2015, na ripoti yake inakupa orodha tatu: nani kagusa ile memori vibaya, nani aliiomba, na nani aliiachia. Ukishazisoma hizo tatu pamoja huna tena cha kubahatisha. Gharama yake ni kubwa, sikufichi. KASAN ya kawaida inachukua moja ya nane ya RAM mara tu keneli inapowaka, kwako ni MB 128, na kasi inashuka karibu mara tatu. Kwa hiyo unaiweka kwenye bodi moja mezani pako. Kwa mteja haiendi.

kipanga_254
Hapo sikubaliani, dada. Hitilafu inachukua siku tatu kujitokeza na jamaa anakabidhi Jumatatu. Ukipunguza kasi mara tatu unabadilisha mpangilio mzima wa nani anatangulia nani, na hitilafu inaweza kujificha wiki nzima. Weka KFENCE kwenye bodi zote 30. Imeingia 5.12, mwaka 2021. Inachukua sampuli: kwa kawaida kila milisekunde 100 ombi moja la memori linapewa ukurasa wake peke yake, na kurasa za jirani zimefungwa. Anayevuka mpaka ananaswa papo hapo. Nafasi ni 255, jumla MB 2 tu. Mteja hatahisi chochote.

Bint_Pwani
KFENCE ni nzuri, na kwa keneli inayokwenda kwa mteja nakubali iwe imewashwa. Lakini kunasa kwake ni kwa bahati, inafaa sana ukiwa na maelfu ya mashine zinazokesha miezi. Bodi 30 kwa siku nne? Anaweza kumaliza bila ripoti hata moja akadhani amepona.

Ngosha_Kodi
Wakuu mbona hamzungumzii zile mara mbili iliganda kimya? Hiyo inanukia makufuli (locks, yanayozuia prosesa mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja). Prosesa moja imeshika kufuli A inasubiri B, nyingine imeshika B inasubiri A. KASAN haitasema neno hapo. Washa PROVE_LOCKING na DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Uzuri wa lockdep, aliyoileta Ingo Molnár kwenye 2.6.18 mwaka 2006, ni kwamba haingoji mgando utokee. Inakumbuka mpangilio wa makufuli. Njia ya A kisha B ikipitwa leo, na ya B kisha A ikapitwa kesho, inapiga kelele hata kama hazikugongana. Hitilafu ya siku tatu unaweza kuipata kwa dakika tano.

Angalizo moja: ikishatoa ripoti ya kwanza inajizima. Kwa hiyo rekebisha ile ya kwanza, washa upya, ndipo utafute ya pili.

Antena_Ndefu
Niwaeleze yaliyonikuta na DEBUG_INFO ili ndugu yetu asipite njia ile ile.

Ilikuwa mashine ndogo ya x86 inayogawa intaneti kwa shule mbili kule Mpanda, mimi nakaa Dar. Nilitaka siku ikianguka nipate jina la faili na namba ya mstari, nisiishie kwenye anwani tupu. Nikajenga keneli nyumbani nikiwa nimewasha DEBUG_INFO, nikaituma usiku kwa SSH pamoja na moduli zake. Wakati wa make modules_install sikuweka INSTALL_MOD_STRIP=1, kwa hiyo kila moduli ikaenda na mzigo wake wote wa taarifa za dibagi. initramfs (faili la kuwashia linalobeba moduli), ambayo siku zote ilikuwa MB 40 hivi, ikapita 400. Na /boot (sehemu ya diski yenye faili za kuwashia) nilikuwa nimeipa MB 500, ndani yake keneli mbili za zamani zimekaa.

Nafasi ikaisha faili likiwa katikati ya kuandikwa. Onyo lilitoka, lakini lilipita na mistari mingine mingi, na mimi nilikuwa nimeshaandika reboot mwishoni mwa amri ile ile, nimeitenganisha kwa nukta mkato badala ya &&. Ningeweka && isingefika kwenye reboot. SSH ikakatika, nikangoja dakika mbili, kumi, nusu saa. Kimya. Asubuhi mwalimu ananipigia kwamba watoto wako darasani na hakuna mtandao.

Nikapanda basi. Nilipofika na kuchomeka skrini, mstari wa mwisho ulikuwa: Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Nikachagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ikawaka ndani ya dakika moja. Nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili za barabarani, na shule mbili zimekaa bila intaneti siku zote hizo.

DEBUG_INFO yenyewe haina kosa, haipunguzi hata kasi. Iwashe, ila lile faili zito la vmlinux libaki kwako, kwenye mashine zipeleke moduli zilizopunguzwa. Bodi ikianguka chukua maandishi yake, yapitishe kwenye scripts/decode_stacktrace.sh hapo nyumbani, utapata mstari.

Mzee_Konsoli
Pole sana Antena. Siriali ingekuonyesha mapema, lakini nani angeichomeka huko Mpanda.

Sangara, kwa usiku huu ongeza dtoverlay=ramoops kwenye config.txt. Inatenga kipande cha RAM ambacho kinabaki bodi ikijiwasha upya bila kukatiwa umeme, kisha logi ya kuanguka unaikuta /var/lib/systemd/pstore. Ukichomoa waya wa umeme imepotea, kwa hiyo waambie vijana wako wasiwe na mkono mwepesi.

Kijana_wa_Gdb
Mbona KGDB mmeiruka? Unachomeka siriali, unaweka kgdboc=ttyS0,115200, unasimamisha keneli na kutembea mstari kwa mstari. Ndiyo njia ya kistaarabu.

kipanga_254
Utembee mstari kwa mstari siku tatu? Ukisimamisha keneli umesimamisha kila kitu, pamoja na usomaji wa joto. KGDB ni ya hitilafu unayoweza kuiita ikaja. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, kwa miaka mingi hakutaka kidibagi ndani ya keneli, kgdb ikaja kuingia 2.6.26 mwaka 2008. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asome msimbo auelewe.

Kijana_wa_Gdb
Hiyo hoja imezeeka. Ukiwa na msimbo wa mistari mamilioni hausomi wote. Mimi draiva yangu ya kwanza ya USB nimeielewa kwa kgdb, na sioni aibu.

Mlezi_wa_Lugha
Wadau, samahani kwa kuingilia. Kwa nini mnaandika keneli wakati tuna neno kiini? Kiini cha yai kila mtu anakijua.

Ngosha_Kodi
Kiini ni zuri kwenye kitabu, mkuu. Shida ni kwamba ukisema "kiini cha mfumo" mwanafunzi anaweza kudhani unazungumzia prosesa. Kazini hatujawahi kusikia mtu akisema "kiini kimeanguka".

Mlezi_wa_Lugha
Kazini hamsemi kwa sababu hamjaanza kusema. Tungeanza leo, wanafunzi wangezoea.

Bint_Pwani
Turudi kwa Sangara tafadhali, ana siku nne. Kaka, kitu hujakisema: hiyo kadi ya vihisi draiva yake ni yenu? Msimbo wake unao?

Sangara_Tech
Hapana dada. Msambazaji wa kadi alitupa faili moja la .ko (draiva iliyokwisha kukompailiwa, yaani moduli) na keneli yake ya kwenda nalo. Msimbo tuliomba, hatukujibiwa.

Bint_Pwani
Basi hilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa mada yako, maana linabadilisha karibu kila tulichosema. KASAN inafanya kazi kwa kompaila kuingiza ukaguzi kila mahali memori inapoguswa. Faili ambalo limeshakompailiwa bila KASAN halina ukaguzi huo. Draiva itaharibu memori na KASAN isione, labda uharibifu upitie fanksheni za keneli kama memcpy.

Ngosha_Kodi
Na ushauri wangu wa lockdep naurudisha mfukoni. Ukiiwasha, ukubwa wa spinlock (aina ya kufuli) unabadilika, na struct (miundo ya data) zote zenye kufuli ndani zinabadilika nazo. Draiva ya zamani itakuwa inaandika kwenye nafasi zisizo zake, yaani unajitengenezea hitilafu mpya juu ya ile ya kwanza. Kama MODVERSIONS (ukaguzi kama moduli inalingana na keneli) imewashwa keneli itaikataa moduli na utakuwa salama. Kama haikuwashwa, inaweza kuipokea vizuri tu. Angalia leseni pia: modinfo ikionyesha siyo GPL (leseni huria ya Linux), moduli ikiingia utaona "Disabling lock debugging due to kernel taint". Hapo lockdep imeshalala.

kipanga_254
Ndiyo maana nilisema KFENCE. Yenyewe haihitaji draiva ikompailiwe upya, inanasa kwa ukurasa uliofungwa, aliyegusa awe nani.

Bint_Pwani
Kweli, kwa hali hii nakubaliana nawe. Ila kabla ya kujenga chochote kuna slub_debug, ukaguzi wa memori uliomo tayari ndani ya keneli, ni neno la kuongeza tu wakati wa kuwaka. Sangara, fanya sudo modprobe configs, kisha zcat /proc/config.gz, utafute SLUB_DEBUG. Ikiwa ni y, ongeza slub_debug=FZPU kwenye cmdline.txt, mstari ule ule mmoja, usibonyeze Enter. Memori iliyoachiwa inajazwa 6b. Bodi ikianguka na ukaona 6b6b6b6b kwenye rejista, ujue kuna aliyetumia memori baada ya kuiachia. U inakukumbushia nani aliiomba na nani aliiachia.

Sangara_Tech
SLUB_DEBUG ipo. Nimeweka kwenye bodi tatu usiku huu pamoja na ramoops. Nitaleta majibu.

Sangara_Tech
Wakuu, bodi moja imeanguka baada ya kukaa muda wa saa 9. Nimekuta logi pstore. Rejista x19 ni 6b6b6b6b6b6b6b6b. Orodha ya fanksheni juu kabisa ni za tty (sehemu ya keneli inayoshughulikia milango ya siriali), halafu ya nne kutoka juu ni ya draiva ya kadi.

Bint_Pwani
Alhamdulillahi, hiyo ni hatua. Ni kutumia baada ya kuachia, hakuna ubishi.

Ngosha_Kodi
Ubishi upo kidogo, dada. Fanksheni ya nne kuwa ya draiva haimaanishi draiva ndiyo iliyoachia. Inawezekana tty iliachia kihalali mtu alipochomoa kebo ya RS-485 (siriali ya vihisi), na draiva haikupewa habari. Sangara, kuna mtu aligusa kebo?

Sangara_Tech
Mlinzi anasema mafundi wa friji walihamisha meza alfajiri. Siwezi kuapa kama kebo ilichomoka. Nimewatumia wasambazaji logi nzima. Leo ni Ijumaa, nahofia hawatajibu kabla ya Jumatatu. Nafikiria kukabidhi bodi zikiwa na slub_debug hivyo hivyo, au nijenge ya KFENCE kesho nihatarishe .ko kukataliwa.

kipanga_254
Jenga ya KFENCE, jaribu kwa bodi moja. Ikikataliwa hujapoteza kitu.

Antena_Ndefu
Na ile keneli ya zamani iache kwenye kadi ya SD kwa jina lingine. Nakuomba sana.

Mzee_Konsoli
Kebo ya siriali ukienda kununua, sema unataka ya volti 3.3. Kuna za volti 5 zinafanana nazo kabisa, ukichomeka kwenye pini za Pi umeiunguza. Pini ya 8 ni TX, ya 10 ni RX, ya 6 ni gandi (GND). Waya mwekundu wa umeme usiuchomeke popote.

Kijana_wa_Gdb
Hiyo slub_debug inafanya kazi kwenye ruta ya OpenWrt pia? Yangu ina MB 128 na inajizima kila usiku.

Mzee_Konsoli
Ruta gani, na keneli toleo gani?