Kikundi cha Familia: Breki ya Nyuma Inatetema

Dada Mwajuma 06:12
Jamani, mmeamkaje. Nani aliendesha pikipiki ya Baba juzi? Nimekanyaga breki ya nyuma, pedali ikanidunda mguuni du-du-du mpaka kiti kikatikisika. Jumamosi Rashidi anampeleka Mama kliniki na hiyo hiyo. Naomba majibu LEO.

Dada Mwajuma 07:30
Watu tisa mmesoma. Hata mmoja?

Rashidi 07:55
Shikamoo dada. Mi nilidhani ni barabara.

Dada Mwajuma 07:56
Marahaba. Ukiachia breki inaendelea au inaacha?

Rashidi 08:10
Inaacha. Ukikimbia inadunda haraka, ukipunguza inadunda taratibu.

Dada Mwajuma 08:12
Basi inafuata mzunguko wa gurudumu. Tairi au beringi mbovu mara nyingi ungeisikia hata bila breki. Nadhani dramu, lile bakuli la chuma katikati ya gurudumu ambalo viatu vya breki vinalikandamiza kwa ndani, imepoteza duara, viatu vinasukumwa kila mzunguko ndo mguu unadundwa.

Binamu Athumani 08:15
Rashidi mwenyewe kapoteza duara tangu ile harusi 😂😂

Shangazi Nuru 08:16
😂😂😂 na suruali ya kuazima

Dada Mwajuma 08:17
Athumani, tunazungumzia mgongo wa mama yako mkubwa hapa. Rashidi, isimamishe kwa stendi ya katikati, gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono huku umebonyeza pedali kidogo tu. Panapokwama, weka alama ya chaki.

Rashidi 13:20
Linakwama sehemu moja, hapo hapo kila mzunguko, karibu na valvu. Nimegonga spoki kwa spana: za hapo zinalia tiii, za upande wa pili zinasema dup.

Dada Mwajuma 13:22
Zimekazwa vibaya! Spoki zikivuta upande mmoja kupita kiasi, dramu nayo inavutika. Nani alizikaza?

Kaka Hamisi 13:31
Haya, mmeshafika kwangu.

Dada Mwajuma 13:32
Uliiazima ikarudi rimu imepinda, tukanyamaza.

Kaka Hamisi 13:35
Nikainyoosha mwenyewe usiku kucha, hakuna aliyesema ahsante. Ile jenereta mbona hamuisemi?

Kaka Hamisi 13:36
*Ujumbe huu umefutwa*

Binamu Athumani 13:36
Tumeshausoma kaka 👀

Rashidi 14:48
*Picha*
Kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki, nati yake inazunguka kwa vidole. Pini ya kuzuia nati isifunguke haipo, kuna waya wa shaba umesokotwa.

Dada Mwajuma 14:50
Mungu wangu. Hicho ndicho kinachozuia sahani, ile inayobeba viatu vya breki, isizunguke na gurudumu. Kikichomoka wakati umekanyaga breki, gurudumu linaweza kujifunga hapo hapo. Na Mama yuko nyuma!

Babu 17:02
Nimesoma yote. Asiipande mtu. Ufunguo niletewe leo. Hamisi, ule waya ni wako. Kusokota hivyo nilikufundisha mimi.

Kaka Hamisi 17:41
Shikamoo Babu. Ni wangu. Pini ilidondoka gizani, nikasema kesho nitaweka nyingine.

Babu 17:44
Marahaba.

Dada Mwajuma 17:50
Ijumaa asubuhi Hamisi afungue gurudumu, Rashidi awepo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Spoki zisawazishwe kwanza, ndipo dramu ipimwe ndani, pande zaidi ya moja. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa kwa kawaida kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Ikizidi hapo tunatafuta nyingine, hakuna kuchonga. Na pini MPYA. Sasa Jumamosi nani anampeleka Mama?

Shangazi Nuru 21:15
Kliniki si Jumatatu?

Dada Mwajuma 21:15
JUMAMOSI shangazi.

Kaka Hamisi 21:32
Ijumaa sipo mpaka saa nane.

Dada Mwajuma 21:33
Saa nane basi. Athumani, gari?

Binamu Athumani 21:58
Nitaangalia dada

Babu 22:04
Ufunguo bado sijauona.