Mrejesho: Kipolandi changu hapa Kraków

Wakuu, habari zenu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza nifanyeje, maana kila nikifungua mdomo kwa Kipolandi watu wa hapa Kraków wananigeuzia Kiingereza. Nimerudi, na kwanza asanteni sana.

Ushauri ulionisaidia ni wa yule aliyesema niachane na maduka makubwa, niende soko la Stary Kleparz, kwa muuzaji yuleyule, asubuhi kabla ya foleni. Nikampata mama mmoja anayeuza matufaha. Nilimwambia "Dzień dobry, uczę się polskiego", yaani najifunza Kipolandi, naye akapunguza kasi. Nikaomba "pięć jabłka", nikimaanisha matufaha matano. Akatikisa kichwa, akanihesabia moja moja mkononi: dwa jabłka, trzy jabłka, cztery jabłka, halafu akanyanyua la tano, pięć jabłek! Kumbe kuanzia tano neno linabadilika. Kitabuni nililisoma mara nyingi halikuingia, sasa silisahau tena. Siku hizi ananiuliza hadi habari za nyumbani.

Kubadilishana lugha na mwanafunzi mwenyeji hakukufaulu. Tulikutana mara tatu, zote tukaishia kwenye Kiingereza. Kwenye simu pia bado hali ni ngumu, nisipouona mdomo wa mtu naachwa njiani.

Kwa mgeni atakayesoma hapa: mtu mzima usiyemjua usimwambie "ty", yaani wewe, tumia pan kwa mwanaume na pani kwa mwanamke. Aliyenitahadharisha hilo mapema, Mungu akubariki sana.