Mkunga wa madoa, mkunga pundamilia au yule wa Uvira? Tangi langu la Bukavu

Fundi wa Ibanda
Wandugu, niko na tangi la kioo la lita 400, nataka kuliweka mapokezi katika hoteli ndogo ninayoitunza. Moyo wangu uko kwa mkunga, yule samaki mrefu wa kwenye matumbawe. (Mke wangu aliposikia naleta mkunga aliuliza nani anajifungua.) Nashindwa kuchagua kati ya wa madoa, *Echidna nebulosa*, na pundamilia, *Gymnomuraena zebra*. Nani amewahi kukaa nao?

Mzee Kadutu
Nilifanya kazi Mombasa, nimewaona wote. Chukua wa madoa. Wengi wanaishia sentimita 60 au 70, mara chache mita 1. Pundamilia anafika mita 1.5, ndani ya lita 400 atajikunja kama mpira wa kumwagilia bustani. Wote wawili wana meno butu ya kuvunjia kaa, si kama mkunga mkubwa wa mita 3 mwenye meno ya sindano. Kwa upole pundamilia anashinda, samaki wenzake hawagusi. Wa madoa akishikwa na njaa, samaki mdogo haonekani tena.

Kijana wa Goma
Mbona anaachama muda wote kama anataka kuuma? Na eti ana taya mbili?

Mzee Kadutu
Anapumua tu, kijana wangu, anapitisha maji kwenye matamvua. Taya za pili ni kweli: ziko kooni, zinachomoka mbele na kuvuta windo ndani. Watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walilieleza jambo hilo mwaka 2007. Macho yake ni dhaifu, anafuata harufu, kwa hiyo kidole chenye harufu ya kamba wa baharini ni chakula. Tumia kibanio kirefu. Halafu kifuniko! Wa jirani yangu alipita kwenye tundu la bomba la pampu. Asubuhi tulimkuta chini ya friji, ute umekauka, vumbi limemganda kama aliyeviringishwa kwenye unga.

Mama Sambaza
Chumvi mmeisahau. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita; lita 400 ni kilo 14, na si chumvi ya kupikia. Kila ukibadilisha maji, unanunua tena. Bukavu tuko mita 1,500 hivi, usiku baridi, na huyo anataka nyuzi 25. Umeme ukikatika, hita na pampu vinalala pamoja. Mimi ningeshuka Uvira. Ziwa Tanganyika lina samaki wa umbo hilohilo, *Mastacembelus*, zaidi ya aina 10. Si mkunga wa kweli, ana miiba mgongoni, lakini naye anachungulia kwenye mawe, pua mbele.

Fundi wa Ibanda
Kilo 14! Na jenereta yetu inawashwa jioni tu. Mama, huyo wa Uvira anakula nini?

Mama Sambaza
Minyoo na wadudu wa majini. Usimpe sambaza (dagaa wetu wa Kivu) mzima, mdomo wake mdogo. Na kifuniko weka vilevile, huyo naye ni mtoro.