Bafu halikauki: feni ya inchi 4, ya inchi 6, ama nipanue dirisha?

donholm_ghorofa3
Wadau, habari zenu. Bafu letu halikauki. Watu wakioga asubuhi, jioni kuta bado zina majimaji, na dari imeanza madoa meusi. Fundi mmoja ameniambia niweke feni ya kutoa hewa ya inchi 4, mwingine anashikilia inchi 6, jirani naye anasema feni ni kupoteza pesa, nipanue dirisha tu. Halafu kuna duka Luthuli Avenue, mjini Nairobi, wamenionyesha mashine ya kunyonya unyevu, unaiweka ndani bila kutoboa ukuta. Nataka kununua wikendi hii. Nichukue ipi?

kebo_na_swichi
Hapo hujatuambia kitu. Bafu lina urefu, upana na kimo gani? Dirisha linatazama nje ama shafti (ule uwazi wa ndani ya jengo)? Dari ni zege ama jipsam? Maji unapasha kwa umeme ama gesi? Mlango ukifungwa, chini kuna nafasi ya hewa kupita? Na nyumba ni yako ama umepanga? Jibu hayo kabla ya kutoa hata shilingi.

luva_na_upepo
Wakati tunamsubiri, niseme mapema: Nairobi dirisha linafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utasikia "mvua inanyesha, nikifungua nitaingiza unyevu." Si kweli. Hewa ya nyuzi 12 iliyojaa kabisa inabeba kama gramu 10.7 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapata joto mpaka nyuzi 19, uwezo wake unapanda kupita gramu 16, kwa hiyo unyevu wake unashuka hadi asilimia 65 hivi. Hewa hiyo bado ina nafasi ya kubeba maji ya bafuni. Weka luva (vibapa vya kupitishia hewa) juu na tundu la hewa chini ya mlango, umemaliza bila stima.

chokaa_na_saruji
Mimi ningeanza na ukuta wenyewe. Madoa meusi yako wapi hasa? Kama yako pembe ya juu, huo ni mvuke. Kama yako chini upande wa shawa, na rangi inavimba na kutoa unga mweupe wa chumvi, hiyo ni paipu inayovuja ndani ya ukuta ama grauti ya vigae imepasuka, na hakuna feni duniani itakayokausha.

Kaushia kitambaa sehemu moja ya ukuta, bandika kipande cha foili ya jikoni, kama sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote nne kwa tepu. Acha siku mbili. Maji yakiwa juu ya foili, ni mvuke wa bafuni. Yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe umelowa.

donholm_ghorofa3
Asanteni. Nyumba ni yetu, tulinunua. Ghorofa ya 3 kati ya 5. Bafu ni mita 1.5 kwa 2.4, kimo 2.6. Dari ni jipsam iliyoning'inizwa chini ya zege. Dirisha ni sentimita 60 kwa 60, linafungukia shafti. Mlango una mpira chini, tuliuweka kuzuia maji yasitoke ukumbini. Shawa ni ya umeme, lakini tokeni zinaisha haraka, kwa hiyo tunafikiria kuhamia heater ya gesi. Madoa yako juu, pembe ya mbali na dirisha. Watu watano tunaoga, wanne asubuhi.

kebo_na_swichi
Sasa tunaongea. Chukua 1.5 × 2.4 × 2.6, unapata mita za ujazo 9.4 hivi. Bafu linataka hewa yote ibadilishwe kama mara 8 kwa saa, hiyo ni mita za ujazo 75 kwa saa. Boksi la feni ya kawaida ya inchi 4 huandikwa 90 hadi 100, ukiona hivyo unadhani inatosha. Namba hiyo imepimwa bila paipu, bila wavu, bila kona. Ongeza paipu ya mita 3, elbo mbili na wavu wa mbu, unaweza kubaki na nusu ama chini yake. Kwa watu wanne mfululizo haitoshi.

Kama feni inatoka moja kwa moja ukutani, unene wa jiwe tu, inchi 6 ya kawaida itakutosha na ziada. Kama lazima paipu iende mbali, acha hizo za pangaboi bapa, tafuta feni ya ndani ya paipu inayokaa juu ya dari. Pangaboi bapa halina nguvu ya kusukuma hewa kwenye paipu ndefu.

Na kabla ya yote, toa huo mpira wa mlango. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Mlango wa sentimita 76 unataka nafasi ya angalau milimita 10 chini. Washa feni, funga mlango, weka karatasi ya tishu kwenye uso wa feni. Kisha fungua mlango. Tishu ikinata vizuri zaidi mlango ukiwa wazi, ulikuwa unainyima hewa. Maji ya ukumbini yazuie kwa kizingiti kifupi pale kwenye eneo la shawa.

luva_na_upepo
Kwa shafti nakubali dirisha peke yake lina shida, upepo haufiki mle. Lakini akiwasha feni aache dirisha wazi, atapata hewa nyingi zaidi.

kebo_na_swichi
Hapana. Feni ikiwa karibu na dirisha na dirisha liko wazi, hewa inaingia dirishani na kutokea kwenye feni papo hapo. Pembe ya mbali, palepale penye madoa yake, haiguswi. Feni ikifanya kazi, dirisha lifungwe, hewa iingilie chini ya mlango, ivuke chumba chote. Feni izimwe ndipo dirisha lifunguliwe. Ndiyo maana feni ikae juu ya shawa ama upande ulio mbali na mlango.

paa_la_mabati
Naongeza kitu kwa yeyote mwenye dari ya kuning'inia, maana kosa hili nimelikuta nyumba nyingi. Kuna nyumba Lang'ata, ya chini, paa la mabati. Fundi aliweka feni nzuri ya dari, akavisha paipu laini ya kukunjika, akaiacha mdomo wazi juu ya dari. Hakuitoa nje. Bafu likakauka, wenye nyumba wakafurahi.

Msimu wa baridi ulipofika, mvuke wote ukawa unapanda juu ya dari na kugonga mabati baridi. Asubuhi matone yanashuka kwenye jipsam. Zikatokea duara za kahawia. Wakasema paa linavuja. Misumari ya paa ikapakwa dawa ya kuziba mara mbili, duara zikaendelea hata wiki zisizo na mvua, na hapo ndipo walipaswa kushtuka. Tulipofungua, mbao za dari zilikuwa na kuvu upande wa juu, skrubu za jipsam zimeshika kutu, na paipu laini imelala kama tumbo katikati, imejaa maji. Maji hayo yalikuwa yanarudi kwenye mota, ndiyo maana feni ilikuwa inakwaruza.

Tuliondoa paipu laini, tukaweka PVC ngumu ya milimita 110, ile ya inchi 4 ya maji taka, shingo ya feni ya milimita 100 inaingia ndani yake vizuri. Tukaipeleka mpaka nje ya ukuta, imeinamia nje sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili matone yatoke badala ya kurudi. Sehemu inayopita juu ya dari tukaivisha pamba ya kuzuia joto, kwa sababu mvuke ukipita kwenye paipu baridi unageuka maji humo humo. Jipsam iliyooza ilikatwa, ikawekwa ile ya kijani ya kustahimili unyevu. Hata hiyo ya kijani haistahimili kumwagiwa kila siku, watu wasidanganyike na rangi.

chokaa_na_saruji
Jipsam bafuni haina kazi. Angetoa yote akapiga plasta kwenye zege, ama aweke dari ya PVC. PVC unaipangusa tu.

paa_la_mabati
PVC inapangusika, lakini kuvu inajificha nyuma yake usipotoa mvuke. Dari si dawa.

soko_la_feni
Na kuhusu ile mashine ya Luthuli: kama ni ndogo isiyo na kompresa kama ya friji, hutoa maji kama robo lita hadi nusu lita kwa siku nzima. Watu watano wakioga, hiyo ni kuteka mto kwa kijiko. Ya kompresa inaweza, ila inakula wati 200 au 300 muda mrefu na haitakiwi kukaa penye maji. Feni ya inchi 6 ni kama wati 30. Ikizunguka saa 2 kwa siku, mwezi haufiki yuniti 2. Ungependa kitu cha bei rahisi kabisa? Ule mpira wa kusukumia maji kwenye vioo. Anayeoga wa mwisho asukume maji ya ukutani na sakafuni yaende kwenye mtaro. Maji yaliyoondoka hivyo hayageuki mvuke tena.

kebo_na_swichi
Jambo la gesi limenitia wasiwasi, tafadhali soma vizuri. Heater ya gesi isikae ndani ya bafu. Kilo 1 ya gesi ikiungua inatoa kama kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke, kwa hiyo unaongeza tatizo lako. Kubwa zaidi, ikikosa hewa inatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, mtu anaanguka akiwa anaoga. Ukiweka na feni chumba kimoja, feni inavuta moshi urudi ndani hata kama heater ina bomba lake. Heater ya gesi ifungwe nje, penye hewa wazi. Wala usiifunge kwenye shafti yenye madirisha ya bafu za majirani.

Feni yenyewe: iwe na alama ya IPX4, yaani inastahimili kurushiwa maji, ama zaidi. Usichomoe waya kwenye laini ya shawa. Ile ina breka kubwa, waya mwembamba wa feni utaungua kabla breka haijaanguka. Toa kwenye laini ya taa, pitisha kwenye fyuzi ya ampia 3, na swichi ya kuzima kabisa iwe nje ya bafu. Afanye fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Chukua yenye taima ya dakika 15 hadi 20 baada ya kuzima taa.

soko_la_feni
Kwa nini asichukue yenye kihisi unyevu? Haihitaji mtu kukumbuka.

kebo_na_swichi
Inategemea imewekwa ngapi. Rudi kwenye hesabu ya luva_na_upepo: hewa inayoingia Julai, msimu wa baridi, inafika asilimia 65 ikiwa ndani. Kihisi kikiwekwa 60, feni haizimi wiki nzima. Weka 75 ama uchukue taima.

donholm_ghorofa3
Nimeelewa mambo ya mpira na gesi, asanteni sana. Sasa, ukuta wa nje wa bafu ndio huo wa shafti. Nikitoboa hapo mvuke utaenda kwa jirani wa juu?

luva_na_upepo
Panda juu uangalie shafti imefunikwaje. Kama kuna mabati ya kuangaza yaliyofungwa pande zote, mvuke wa bafu zote unabaki humo na kurudi madirishani. Kama juu ni wazi, inapumua.

paa_la_mabati
Hata ikiwa wazi, ni haki paipu ipande mpaka juu ya paa. Zungumza na kamati ya jengo. Na fundi asije akakuunganishia kwenye ile paipu ya kupumulia choo, harufu ya maji taka itarudi feni ikizima. Ukitoboa jiwe, tumia mashine ya duara, ya milimita 117 ama 127 kama paipu ni ile ya 110, si nyundo, na usiguse bimu iliyo juu ya dirisha.

chokaa_na_saruji
Paipu ya kupanda ghorofa mbili bila kikombe cha kukusanya matone chini itamwagia feni maji. Weka T (kiungio cha njia tatu) chini, na kibomba kidogo cha kutolea maji.

embakasi_jikoni
Samahani naingilia. Na feni ya jikoni je, inaweza kutumia paipu hiyohiyo ya bafu?

kebo_na_swichi
Usijaribu. Mafuta ya jikoni yatashika kwenye vumbi la paipu, na harufu ya samaki itatokea bafuni feni ya jikoni ikiwaka peke yake. Kila feni na paipu yake.